DAMU CHOONI SI JAMBO LA KUONEA AIBU

Kwa muda mrefu kansa ya utumbo mpana ilihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. Madaktari waliofanya kazi Afrika ya Mashariki katika miaka ya kabla na baada ya uhuru waliiona kwa nadra sana. Wengi wao waliondoka wakiamini kwamba Mwafrika, kwa chakula chake cha shambani na kazi yake ya jembe, ana kinga ambayo maradhi hayo hayawezi kuivuka. Imani hiyo haikuwa ya bure. Lakini leo imegeuka kizuizi, na wanaoumia kwa ajili yake ni wananchi wa mikoa iliyo mbali na hospitali kubwa, kama vile Kigoma.

Aliyeieneza imani hiyo kuliko wengine ni Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyetumikia Uganda kwa miaka mingi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, wakipita Tanganyika. Walikuwa wakiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Safari hiyo ilimfundisha kuutafuta ugonjwa kwa kulinganisha mahali na mahali. Mwaka 1971 akachapisha makala mashuhuri juu ya kansa ya utumbo mpana na puru. Alieleza kuwa ugonjwa huo ni mwingi katika nchi ambazo watu hula unga uliokobolewa na sukari, na ni haba vijijini Afrika ambako chakula kina nyuzinyuzi nyingi na hupita tumboni upesi.

Wazo hilo limejadiliwa kwa zaidi ya nusu karne, na sehemu yake kubwa imesimama. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika ya Kusini. Wamarekani walipewa chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Wanakijiji walipewa nyama na mafuta kwa desturi ya Marekani. Kwa muda huo mfupi dalili za hatari katika utando wa ndani wa utumbo zilipungua kwa Wamarekani, zikaongezeka kwa wanakijiji. Ni dhahiri basi kwamba kinga ya Mwafrika haikuwa katika damu yake wala katika rangi yake. Ilikuwa katika sahani yake, na sahani inaweza kubadilika.

Kuna jambo la pili ambalo lilisahauliwa. Hospitali huhesabu wagonjwa waliofika hospitali. Mtu aliyefia kijijini kwa maumivu ya tumbo, akazikwa na jamaa zake, hakuandikwa popote. Katika nchi ambayo watu wachache walifikia uzee, ambayo haikuwa na mitambo ya kuchungulia ndani ya utumbo wala maabara za kutosha za kupima nyama ya mwili, ugonjwa huu uliweza kuwapo na usionekane. Uchache wa wagonjwa katika daftari si uthibitisho wa uchache wa wagonjwa katika nyumba.

DAFTARI LA BUGANDO

Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa kwa miaka mingi kimbilio la rufaa kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi, Kigoma ikiwamo. Mwaka 2013 madaktari wa hospitali hiyo walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 332 wa kansa ya utumbo mpana na puru waliotibiwa hapo katika kipindi cha miaka mitano. Kazi hiyo inastahili kusomwa na kila mtumishi wa umma, kwa sababu haizungumzii Ulaya wala Marekani. Inawazungumzia watu ambao yeye anawahudumia.

Jambo la kwanza ni umri. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 46, maana yake nusu yao walikuwa chini ya hapo. Mwalimu wa miaka 46 bado ana miaka 14 ya kufundisha kabla ya kufikia umri wa kustaafu kwa lazima. Huenda ana mtoto sekondari na mwingine darasa la tatu. Katika nchi tajiri ugonjwa huu hujulikana zaidi kama ugonjwa wa wazee, na kwa muda mrefu uchunguzi wa watu wasio na dalili ulianzia miaka 50. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani waliushusha umri huo hadi 45, baada ya kuona vijana wakizidi kuugua.

Hapa lakini ni lazima kupima maneno. Tanzania ni nchi ya vijana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, ambao wazee ni sehemu ndogo sana kati yao. Katika taifa la namna hiyo wagonjwa wa hospitali watakuwa vijana zaidi hata kama hatari kwa kijana mmoja mmoja ni ndogo. Kwa hiyo takwimu za Bugando hazisemi kwamba kijana wa Tanzania yuko hatarini kuliko mzee. Zinasema kwamba mganga anayemwona mtu wa miaka 35 anayetoka damu chooni hana ruhusa ya kusema, "Wewe bado mdogo, hii haiwezi kuwa kansa."

Jambo la pili ni mahali. Zaidi ya nusu ya uvimbe huo ulikuwa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na katika puru, yaani karibu na njia ya kutokea. Jambo hili lina maana kubwa kwa zahanati. Sehemu nzuri ya uvimbe wa puru huweza kuguswa kwa kidole cha mganga aliyevaa glavu. Kipimo hicho hakihitaji umeme, hakihitaji fedha za kigeni, na huchukua dakika mbili.

Jambo la tatu ndilo la kusikitisha kuliko yote. Zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 walifika wakiwa wamechelewa. Karibu wote walipasuliwa, lakini ni kiasi cha mmoja kati ya sita tu aliyepata tiba ya nyongeza baada ya upasuaji. Na baada ya kutoka wodini wengi hawakuonekana tena, hata madaktari hawakuweza kujua ni wangapi waliishi na kwa muda gani. Hospitali ilifanya kazi ya kukata na kushona, kisha mgonjwa akapotelea katika barabara ndefu ya kurudi kwao.

KIPANDE CHA NYAMA KINASEMA NINI

Wananchi wengi, hata waliosoma, hawajui kinachotendeka baada ya daktari kukata kipande kidogo cha nyama katika uvimbe. Inafaa kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa unapopata jina.

Kipande hicho hutiwa katika dawa ya formalini ili kisioze. Katika maabara huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vikawekwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Mtaalamu wa patholojia hukitazama kwa hadubini. Utumbo wenye afya huonyesha vijitezi vilivyojipanga kwa utaratibu kama mahindi yaliyopandwa kwa mstari. Katika kansa mstari huvunjika. Vijitezi hupinda, hubanana, na kuingia mahali pasipo pao. Kansa inayotokana na vijitezi hivyo huitwa adenokasinoma, na huko Bugando karibu wagonjwa wote walikuwa nayo.

Lakini adenokasinoma zote si sawa. Zaidi ya nusu ya zile za Bugando zilikuwa za daraja la kati, yaani bado zinafanana kwa kiasi na vijitezi vya kawaida. Kiasi cha mmoja katika kila wagonjwa 10 alikuwa na aina inayotoa ute mwingi. Wachache zaidi, chini ya 5 katika kila 100, walikuwa na aina ambayo kila chembe hujaa ute hata kiini chake husukumwa pembeni, ikaonekana kama pete yenye kito. Aina hiyo ya pete ni kali, huenea upesi, na duniani kote huonekana zaidi kwa vijana kuliko kwa wazee. Daktari asiyejua aina ya nyama aliyoikata ni kama nahodha anayeingia ziwani usiku bila kujua upepo unatoka wapi.

Tena nyama husema kansa imefika wapi. Mwaka 1932 mtaalamu wa patholojia Cuthbert Dukes wa Hospitali ya St Mark's mjini London aliweka utaratibu rahisi ambao madaktari waliutumia kwa miaka mingi. A ni kansa iliyo bado ndani ya ukuta wa utumbo. B ni ile iliyoutoboa ukuta. C ni ile iliyofika kwenye tezi za jirani. Utaratibu wa leo una vipengele vingi zaidi, lakini fikra ni ile ile. Katika nchi zenye huduma kamili, mgonjwa aliyegunduliwa mapema ana nafasi ya kama 9 kati ya 10 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Aliyegunduliwa kansa ikiwa imefika kwenye ini au mapafu ana nafasi isiyozidi 2 kati ya 10. Tofauti baina ya watu hao wawili mara nyingi ni miezi, na miezi hiyo hupotea kabla mgonjwa hajamwona mpasuaji.

NJIA YA MGONJWA KANDO YA ZIWA

Tazama ramani ya mkoa wenye watu takriban milioni 2.5. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko mjini Kigoma. Vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika vimetandazwa kutoka Kagunga, mpakani mwa Burundi, hadi Kalya upande wa kusini. Vingi kati ya vijiji hivyo vimezoea boti kuliko gari. Mgonjwa wa kusini hungoja boti, boti hungoja abiria, na ziwa likichafuka wote hungoja. Akifika Kigoma na kuambiwa aende Mwanza au Dar es Salaam, safari ndiyo kwanza inaanza. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, ambako kuna Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kwa miaka mingi mionzi ya kutibu kansa ilipatikana huko tu.

Hata hivyo umbali si sababu ya kwanza ya kuchelewa. Sababu ya kwanza ni kwamba damu chooni ina majina mengi kando ya ziwa, na kila jina ni la kweli. Kuna kuhara damu. Kuna amiba. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho huwapata wavuvi, watoto na wanawake wanaofua na kuteka maji kandokando ya ziwa. Kuna bawasiri, ambayo huwapata watu wengi kila mahali. Kansa huja nyuma ya majina hayo na kujificha humo.

Mkulima au mvuvi anayetoka damu hupewa kwanza vidonge vya amiba. Damu ikikatika kwa wiki mbili, huhesabiwa kuwa amepona, ingawa uvimbe wa kansa nao hutoa damu na kuacha, ukatoa tena. Ikirudi, hupewa dawa ya kichocho. Ikirudi tena, huambiwa ni bawasiri, akaelekezwa kwa mtu wa mitishamba ambaye jirani yake alimsifu. Wakati huo uso unapauka, pumzi inakuwa fupi akipanda mlima, na choo kinabadilika. Leo anafunga, kesho anahara, na anahisi kama haja haijaisha hata baada ya kwenda. Wengine huongezewa damu wodini na kuruhusiwa kurudi nyumbani, bila mtu kuuliza damu ya kwanza ilikwenda wapi. Mwaka unapita. Siku utumbo unapoziba kabisa na tumbo kujaa kama ngoma, ndipo anapakiwa kwenye boti.

Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyefanya uovu. Kila mmoja alitibu ugonjwa unaojulikana kuwa mwingi. Kosa liko katika kukosekana kwa kanuni moja fupi: dawa ikitolewa mara moja na damu ikarudi, jina la kwanza limeshindwa, na mgonjwa apimwe upya.

HAYA NA GHARAMA YAKE

Lakini kanuni yoyote itavunjika mbele ya haya. Katika jamii za pwani ya ziwa, kama ilivyo kwa Waswahili wote, mambo ya chooni hayasemwi mbele za watu. Mume humficha mke, mama huwaficha watoto. Mzee aliyeheshimika maisha yake yote haoni namna ya kumweleza tabibu kijana, pengine binti wa umri wa mjukuu wake, kwamba anatoka damu kule. Tabibu naye huona haya kumwambia mzee avue na alale kwa ubavu. Basi wote wawili hukubaliana bila kusema, na vidonge huandikwa.

Mji wa Ujiji una kumbukumbu ya mtu mmoja ambaye habari zake zinalingana na jambo hili. Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba David Livingstone alikutana na Stanley Ujiji mwaka 1871. Ni wachache wanaofundishwa kwamba msafiri huyo aliteswa kwa miaka mingi na bawasiri na damu ya tumboni. Wanahistoria wameandika kwamba alipokuwa Uingereza katikati ya miaka ya 1860 alishauriwa apasuliwe, naye hakukubali. Akarudi Afrika na maradhi yake, akazidi kudhoofika kwa kutoka damu, akafa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Haidaiwi hapa kwamba alikuwa na kansa. Linalodaiwa ni kwamba mtu mwenye elimu ya udaktari, aliyejua vizuri mwili wa binadamu, naye aliacha damu iendelee. Ikiwa daktari alifanya hivyo, mvuvi wa Kalya hana cha kulaumiwa.

Hofu nyingine ni ya upasuaji wenyewe. Uvimbe ukiwa chini sana katika puru, mpasuaji mara nyingine hulazimika kufunga njia ya kawaida na kutoa tundu tumboni ambapo haja hupitia na kupokelewa katika mfuko. Wapo wanaokimbia wodini wakisikia habari hiyo. Huona kwamba hawataswali wala kuketi na watu, na kwamba ndoa imekwisha. Watu hao wanahitaji kuelezwa kwa subira, na mtu aliye bora kuwaeleza ni yule anayeishi na mfuko huo na anayeendelea na kazi zake. Tena waambiwe ukweli huu: kadiri mtu anavyokuja mapema, ndivyo nafasi ya kuepuka mfuko huo inavyokuwa kubwa. Anayekimbia kwa kuogopa mfuko hurudi baadaye akiwa hana njia nyingine isipokuwa mfuko. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

HOJA ZA WAPINZANI

Wapo watakaosema kwamba Kigoma ina malaria, ina vifo vya kina mama wakati wa kujifungua, ina watoto wenye utapiamlo, na kwamba kansa ni anasa ya kujadiliwa baadaye. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Shilingi ya afya ni moja. Lakini kinachopendekezwa si kununua mitambo ya mabilioni kwa kila wilaya. Ni glavu, kidole, chupa ya formalini, daftari, na utaratibu wa kusafirisha. Makohozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu, na damu ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, husafirishwa kutoka vituo vidogo hadi maabara kwa mpango uliowekwa. Kipande cha nyama kilichokwisha kutiwa dawa ni rahisi zaidi kusafiri, kwa maana hakiozi njiani.

Wengine watasema kwamba hakuna faida ya kuugundua ugonjwa ambao tiba yake iko mbali. Hao wanasahau kwamba kansa ya utumbo ikiwahiwa, tiba yake ya msingi ni upasuaji. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisicho na madhara, na huchukua miaka, mara nyingi zaidi ya 10, kabla ya kugeuka. Ni ugonjwa unaompa binadamu muda mrefu wa kuushinda. Tiba ya mbali na ya ghali huhitajika zaidi muda huo unapochezewa. Isitoshe, mpango wa kupeleka madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri ulioanza mwaka 2024 umeonyesha kwamba si lazima mgonjwa asafiri siku zote. Mara nyingine mtaalamu anaweza kusafiri.

Wengine tena watasema kwamba watu wa Kigoma wanakula vizuri, kwa hiyo hawana la kuogopa. Ni kweli kwamba maharage, ndizi, mboga za majani na samaki wa ziwani ni chakula chema. Lakini ukipita mitaani Mwanga au Ujiji utaona sembe nyeupe, chipsi, soda na mikate myeupe kama ilivyo katika kila mji. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa liliiweka nyama ya kusindikwa kiwandani, kama vile soseji, katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa. Tumbaku, pombe, unene na kukaa kitako mchana kutwa huongeza hatari. Na ni nani akaaye kitako mchana kutwa? Si mvuvi wala mkulima. Ni karani, ni afisa, ni mwalimu anayesahihisha madaftari. Msomaji wa ukurasa huu asidhani kwamba yanayoandikwa yanamhusu mwanakijiji peke yake.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwanza ni wajibu wa vituo vya afya. Kila mtu mzima anayerudi na damu baada ya dozi moja ya dawa apimwe kwa kidole, apimwe wingi wa damu, na apewe rufaa ya maandishi. Mwanamume au bibi aliyekoma hedhi mwenye upungufu wa damu usio na sababu aulizwe habari za choo chake. Uulizwaji huo ufanyike faraghani, na penye uwezekano mgonjwa aruhusiwe kumchagua mhudumu mwanamume au mwanamke. Haya ya mgonjwa haiondolewi kwa kukemewa. Huondolewa kwa kusitiriwa.

Pili ni wajibu wa hospitali za wilaya na za mkoa. Kipande chochote cha nyama kinachokatwa mwilini kisitupwe wala kisikabidhiwe kwa jamaa wa mgonjwa akitafutie nauli. Hospitali ikisafirishe yenyewe, na majibu yarudi kwa siku zinazojulikana. Kila hospitali iweke daftari la kansa lenye umri, jinsia, kijiji, kazi, mahali pa uvimbe, aina ya nyama na hatua ya ugonjwa, pamoja na namba ya simu ya mtu wa kumfuatilia mgonjwa. Bila daftari hilo, Kigoma itaendelea kupimwa kwa takwimu za Mwanza na Dar es Salaam, na hakuna atakayejua kama wagonjwa wa Buhigwe, Kakonko na Uvinza wanafanana na wale wa Bugando au wana mambo yao.

Tatu ni wajibu wa walimu. Somo la mmeng'enyo wa chakula hufundishwa katika shule za nchi nzima kwa michoro ya tumbo, ini na utumbo, kisha huishia hapo kana kwamba utumbo hauugui. Mwalimu akitumia dakika 10 kueleza maana ya damu katika haja kubwa, watoto 45 watarudi katika nyumba 45 na habari ambayo baba zao hawangeuliza. Mtoto hana haya ya mzee. Walimu wawe pia wa kwanza kupima. Serikali imewawekea watumishi wake Mfuko wa Bima ya Afya tangu sheria ya mwaka 1999. Mwenye kadi mfukoni anayeficha damu kwa mwaka mzima hawezi kumlaumu yeyote.

Nne ni wajibu wa wale wasimamiao mipango. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Nguvu ya sheria hiyo itapimwa kwa mtu kama huyu wa Kalya. Je, itamlipia kipimo cha nyama? Je, itamlipia dawa za baada ya upasuaji, ambazo wagonjwa watano kati ya sita wa Bugando hawakuzipata? Je, itamrudisha kliniki baada ya miezi mitatu? Kadi isiyofika kwenye maswali hayo itakuwa karatasi tu.

Tano ni wajibu wa viongozi wa Chama, kuanzia shina hadi mkoa. Mjumbe wa shina anazijua nyumba zake. Anajua ni nani amekonda, nani haonekani tena mwaloni Kibirizi, nani anauza mtumbwi ili kulipia mganga wa kienyeji. Neno lake huingia mahali ambapo tangazo la ukutani haliingii. Halikadhalika mashehe na mapadri na wachungaji, ambao waumini huwaamini katika mambo ya siri, waseme kwamba kujitibu si kujivunjia heshima.

Mwaka 1973 Taifa lilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Wakati ule kulikuwa na waliosema kwamba si adabu kuzungumza habari za choo mbele ya wakwe na wazee. Zilizungumzwa, na mashimo yakachimbwa. Ujinga, maradhi na umaskini havikuangaliwa kama maadui watatu mbalimbali, kwa sababu kila mmoja humfungulia mwenzake mlango.

Vyoo vile vilichimbwa kwa sababu wananchi walikubali kusema lililokuwa halisemwi. Kazi iliyobaki ni ndogo kuliko ile. Hakuna shimo la kuchimba. Kila mtu mzima aangalie anachokiacha chooni, na akiona damu mara ya pili, aende zahanati na aseme. Na yule aliye zahanati avae glavu na apime.